Bagamoyo: Chumvi, Jahazi na Chasisi ya Lori

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, akishaipita Tegeta na kilima chake cha saruji, akaiacha Bunju nyuma na kuvuka mto Mpiji, huanza kupishana na malori yaliyobeba magunia meupe chini ya turubai. Ni miezi ya kiangazi; anga ni kavu na barabara ni kavu. Walakini nyuma ya malori mengine ya namna hiyo huonekana mstari mwembamba wa maji ukichuruzika juu ya lami. Abiria wa basi huutazama mstari ule asiufikirie. Mwenye lori anapaswa kuufikiria sana, kwa kuwa maji yale yamekwisha pita juu ya chasisi yake kabla ya kufika barabarani, nayo si maji ya kunywa.

Watu wengi huja Bagamoyo kwa ajili ya mambo mengine. Huja kuyaona magofu ya Kaole, na misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, na mahali ulipolazwa mwili wa Daktari Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Husimuliwa habari za misafara ya pembe za ndovu, na wapagazi waliotembea miezi mitatu kutoka bara wakiwa na mizigo mabegani. Hayo ni mema na yanafaa kutazamwa. Lakini mzigo wa Bagamoyo wa leo haubebwi na mabega ya watu, na sisi, ndugu msomaji, tupite kando ya mji, twende kaskazini mpaka Nunge kwenye majaruba ya chumvi.

Nyuma ya mikoko, pale ambapo watu wa pwani huita jangwa kwa sababu hapaoti kitu, ardhi imegawanywa kwa matuta ya udongo kuwa mabwawa mapana yasiyo na kina. Wakati wa bamvua maji ya bahari huingizwa, kisha mlango hufungwa, na kazi iliyobaki ni ya jua na upepo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya kiasi cha gramu 35 tu. Kwa hiyo maji huhamishwa kutoka bwawa hata bwawa yakizidi kukolea, na chumvi huanza kutua chini wakati karibu sehemu tisa katika kumi za maji zimekwisha ruka angani. Wafanyakazi huikusanya, huirundika penye matuta, huiacha ichuje, ndipo hutiwa magunia.

Mgeni aangalie zana zao. Reki ni za mbao, na mapau ya kukokotea chumvi ni ya mbao. Si kwa umaskini wala kwa kupenda mambo ya kale. Ni kwamba mahali hapa chuma hakikai. Bawaba za mlango wa ghala zimegeuka magamba mekundu, na bati lililowekwa miaka michache tu iliyopita limetoboka kama chujio la tui. Watu wa Nunge hawakuhitaji mwalimu wa kemia kuwaambia wachonge reki za mnazi.

Mwalimu wa kemia hata hivyo angetusaidia kueleza. Chuma kikikutana na maji pamoja na hewa hurudi polepole katika hali ya udongo kilikotoka, na huko kurudi ndiko tunakoita kutu. Maji matupu hufanya kazi hiyo kwa uvivu. Yakitiwa chumvi hupitisha umeme mdogo baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na ulaji huenda mbio. Tena chumvi haingoji mvua. Chumvi safi ya mezani huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapofikia kama asilimia 75, na usiku wa pwani mara nyingi hupita hapo. Chumvi ya bahari ina mwenziwe aitwaye magnesi, ambaye huvuta maji hata hewa ikiwa na unyevu chini ya asilimia 40. Ndiyo maana gari lililorudi Nunge, likalazwa chini ya mwembe pasipo tone la mvua, asubuhi hukutwa limelowa jasho chini yake. Limekauka juu, limelowa chini, nalo limelowa maji yale mabaya kuliko yote.

Sasa turudi kwenye ule mstari juu ya lami. Chumvi iliyovunwa upya, ikitiwa magunia kabla haijachuja vya kutosha, huendelea kutoa maji kwa siku kadhaa, na ndiyo maji yenye magnesi nyingi. Hupenya baina ya mbao za bodi, huteremka juu ya chasisi, hujikusanya juu ya tangi la dizeli, huingia katika vishikio vya springi na katika kila tundu. Mfanyabiashara mwenye haraka hufikiri kwamba akipakia leo badala ya juma lijalo amepata faida. Faida hiyo inatoka katika chuma cha mwenye lori, ambaye mara nyingi si yeye.

Katika uwanja wa gereji moja pembeni ya mji nilimkuta mwenye lori wa namna hiyo. Ni mstaafu aliyefanya kazi ya kupakua meli kwa miaka mingi, na kiinua mgongo chake chote alikiweka katika lori moja la tani saba, kuukuu lakini lenye injini nzuri. Kwa lori hilo amesomesha watoto wawili sekondari. Wa tatu bado yuko darasani. Miaka minne limebeba chumvi. Siku chache kabla ya mimi kufika, likiwa na mzigo, lilikanyaga shimo pasipo kasi kubwa, na nguzo ya kushoto ya chasisi ikafunguka nyuma tu ya kishikio cha springi ya mbele. Dereva na utingo wake walitoka wazima kwa kuwa walikuwa wakienda mwendo wa punda. Kama ingalitokea penye mteremko, habari ingekuwa nyingine.

Fundi, kijana wa umri wa mwanawe, alimwamkia shikamoo, akauliza kwa upole, “Mzee, chini hapa palipakwa rangi lini?”

“Mwaka jana, baba. Tena mara mbili, ile nyeusi nzito.”

Kijana akachukua bisibisi, akaigonga kidogo juu ya rangi ile nyeusi iliyong’aa bado. Ganda likabanduka kama la yai, na ndani yake palikuwa pamejaa unga mwekundu wenye unyevunyevu. Akasukuma bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini. Mzee alitazama bila kusema neno, kisha akaenda kukaa kwenye kivuli.

Huo ndio msiba wa malori mengi ya pwani. Hayakufa kwa kukosa rangi. Yamekufa chini ya rangi. Lami au dawa nyeusi ikipakwa juu ya chuma safi na kikavu ni kinga nzuri. Ikipakwa juu ya tope la chumvi, au juu ya kutu iliyofutwafutwa kwa kitambaa, huwa ni kifuniko cha sufuria. Chumvi imekwisha fungiwa ndani pamoja na unyevu wake, na kila mtikisiko unaopasua lami kidogo huongeza maji mengine yasiyopata njia ya kutoka. Mwenye mali huchungulia, akaona weusi unaong’aa, akalala usingizi. Ningependa kuona rangi ya chini ya gari iwe nyepesi ya kijivu, walau ufa na wekundu vionekane mapema. Lakini desturi ya weusi ni ngumu kuivunja.

Kutoka gereji ile mpaka ufukweni kwa majahazi si mbali kwa miguu, na ajabu ya Bagamoyo ni kwamba jibu la mstaafu yule limelala pale mchangani tangu enzi za mababu. Maji yakipwa, vyombo hulala ubavu. Wenyewe hutoka na vyuma vya kukwangua, wakaondoa chaza na majani ya baharini. Wakaunguza chini ya chombo kwa moto wa makuti ili kuua wadudu watobao mbao na kukausha. Wakaangalia kalafati, yaani ile pamba iliyopigwa baina ya mbao, wakaziba iliyolegea. Hapo tu, chombo kikiwa safi na kikavu, ndipo hupakwa deheni ya mafuta na chokaa kwa chini, na sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika, kwa juu. Tena hawafanyi hivyo mara moja wakasema basi. Huyarudia hayo mara kwa mara katika mwaka, kwa kuwa wanajua kwamba deheni huisha na bahari haiishi.

Hata msumari wa jahazi wana adabu nao. Fundi wa vyombo huuzungushia shingoni nyuzi za pamba zilizochovywa mafuta kabla ya kuupigilia, ili maji ya chumvi yasipate njia ya kuufuata ndani ya mbao. Na mtepe, kile chombo cha kale cha pwani ya kaskazini, hakikuwa na msumari hata mmoja; mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi. Sisemi kwamba waliukwepa msumari kwa sababu ya kutu peke yake. Nasema tu kwamba watu hawa wamekaa na chumvi muda mrefu kuliko sisi wenye malori.

Basi mwenye lori na alitendee lori lake kama jahazi. La kwanza ni kukwangua na kuosha, na kuosha huko kuwe kwa maji baridi ya kisima au ya bomba. Wapo madereva ambao, kwa kuokoa fedha, huingiza gari penye mkono wa bahari wakalirushia maji kwa ndoo. Hao wanaosha tope kwa chumvi. Maji baridi yapitishwe chini kote siku ileile ya kurudi Nunge, kwa utulivu na kwa wingi, kuliko kwa nguvu nyingi inayosukuma uchafu ndani zaidi. Yafike mahali ambapo macho hayafiki: juu ya tangi, nyuma ya vishikio vya springi, chini ya miguu ya kebini, na hasa baina ya bamba mbili pale ambapo chasisi imeongezwa chuma cha ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula. Ikizaliwa baina ya bamba mbili huzisukuma zikatengana, hata kukata vichwa vya ribiti. Mtu akiona bamba zilizonyooka zimeanza kuvimba kama kitabu kilicholowa, ajue kazi imekwisha kuwa kubwa.

Matundu madogo yaliyoachwa na kiwanda chini ya mihimili si makosa. Ni milango ya maji. Yazibuliwe kwa waya kila mara, wala fundi asiyazibe kwa lami akidhani anasaidia.

Baada ya kuosha ni kukausha, na hapa ndipo subira hupungua. Lori lililooshwa jioni lisipakwe kitu asubuhi yake. Jua lipande, upepo upite. Penye kutu pasuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka magamba yote yatoke. Madoa yasiyotoka kwenye vinyweleo vya chuma hutiwa dawa ya kugeuza kutu, ambayo huwa na asidi ya fosfori au tanini. Tanini hiyo huifanya kutu kuwa kitu cheusi kilichotulia, kisichoendelea kula. Ni dawa ileile ya asili iliyomo kwa wingi katika magome ya mikoko. Wajerumani waliyasafirisha magome hayo kutoka delta ya Rufiji kwa ajili ya viwanda vya ngozi, na sisi leo tunanunua tanini katika chupa ndogo zilizotoka ng’ambo. Hilo nalipitisha kama nilivyolikuta.

Kisha rangi ya kwanza, na iliyo bora ni ile yenye zinki nyingi. Zinki ina ukarimu wa ajabu: ikiwa imegusana na chuma, huliwa yenyewe kwanza, hata rangi ikikwaruzwa kidogo. Rangi ya juu hufuata. Mwisho wa yote, kwa zile sehemu za ndani na baina ya bamba ambako brashi haifiki, hupulizwa mafuta mazito au nta, kwa kuwa mafuta hutambaa yakajiziba yenyewe, wakati ambapo rangi ikipasuka imepasuka. Mafuta haya hurudiwa kila mwaka. Kwa lori la chumvi, mara mbili. Ni sifa ya lori, kwa maneno mengine. Na asicheke mtu: kiwanda cha rangi cha Rust-Oleum cha Marekani kilianzishwa mwaka 1921 na nahodha Mskochi, Robert Fergusson, ambaye aliona kwamba mafuta ya samaki yaliyomwagika juu ya sitaha yalizuia kutu isiendelee. Wavuvi wa Bagamoyo wangemwambia hivyo bure.

Gereji zetu nyingi hupulizia oili chafu ya injini. Ni rahisi, na siwezi kusema haisaidii kabisa, maana lori lililopakwa oili chafu huliwa polepole kuliko lililoachwa uchi. Hata hivyo oili hiyo ina asidi na vumbi la madini, huvimbisha bushi za mpira, hudondoka penye visima, na fundi alalaye chini ya gari akiipuliza huibeba ngozini na kifuani. Ina vitu viwezavyo kuleta saratani. Mafuta mapya mazito hugharimu zaidi, lakini chasisi moja haihitaji mapipa. Yoyote yatakayotumika, yasiguse ngoma za breki wala bomba la moshi.

Bodi nayo itandikwe karatasi nene ya nailoni, iliyokunjwa pembeni ili maji ya magunia yatokee nyuma mbali na chasisi. Ni kazi ya dakika chache, na sijui kwa nini huonekana mara chache kiasi kile.

Jambo moja lawahusu hasa wasomaji wa Dar es Salaam wanaokusudia kununua lori kwa akiba yao. Mengi ya malori yaliyotumika yashukayo bandarini yametoka nchi za theluji. Huko barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Marekani peke yake hutumia kiasi cha tani milioni 20 kwa mwaka kwa kazi hiyo. Matokeo yake yanajulikana hata mahakamani: mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali huko Marekani kumaliza shauri la chasisi zilizooza za magari kama Tacoma, kwa gharama iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kwa hiyo lori laweza kufika kwetu halijaiona bahari ya Hindi, na tayari limeliwa. Mnunuzi asiridhike na weusi mpya chini yake. Weusi mpya ndio wa kutiliwa shaka. Aingie chini na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kama kengele, chuma kilichooza hujibu kama ubao. Agonge nyuma ya kebini, penye vishikio vya springi za nyuma, chini ya kamba za tangi, na kwenye mihimili ya kati. Muuzaji akikataza nyundo, jibu amekwisha lipata.

Kuhusu kuchomelea, neno ni fupi. Nguzo za chasisi zimetengenezwa kwa chuma kilichopitishwa katika moto kwa kipimo, na moto wa fundi huulegeza ugumu huo. Kiraka cha mraba kilichochomelewa kwa mstari wa wima hukata chasisi pembeni mwa kiraka baada ya miezi michache. Mafundi wenye elimu hukata ncha za kiraka mshazari, hufuata maelekezo ya kiwanda, na hukwepa kabisa kutoboa au kuchomelea kingo za juu na za chini za nguzo, ambako ndiko nguvu hupita. Penye kuoza kwa urefu, kiraka ni kujidanganya.

Kazi hii ina majira yake pia. Mwishoni mwa Machi au Aprili masika huingia, majaruba ya Nunge hujaa maji ya mvua, uvunaji husimama na malori hukosa mzigo. Wengi huona huo ndio wakati wa kupaka rangi, na ndio wakati mbaya, kwa sababu chuma hakikauki. Masika ni ya kuosha, maana mbingu zatoa maji baridi bila malipo, na ya kuzibua matundu na kubadilisha mabomba ya breki yaliyoliwa. Rangi ingoje Juni na Julai, kusi ikivuma na mvua zimekwisha.

Lori la mstaafu halikutiwa kiraka. Fundi alimtafutia nguzo mbili za lori la aina ileile lililokufa injini huko Dodoma, ambako hewa ni kavu na chuma huzeeka kwa heshima. Kwa kuwa namba ya chasisi imepigwa juu ya nguzo, ilibidi kwanza shauri hilo lifikishwe kwa mamlaka inayoandikisha magari, na karatasi zikachukua muda mrefu kuliko nguzo zenyewe. Fedha zilitoka katika mauzo ya mashine ya kushonea ya mkewe na mkopo wa chama cha kuweka na kukopa. Nilipopita mara ya mwisho zilikuwa zimelazwa juu ya matofali, ribiti zimetolewa, bamba zimetenganishwa. Mzee mwenyewe alikuwa na brashi ya waya mkononi, anasugua upande wa ndani ambao hautaonekana tena na mtu, na kijana alikuwa akimwomba aache kufungua kopo la zinki mpaka jua lipande.